Kungu ya Kwanza

Katika Dola ya Magome kila kiumbe alijua tawi lake. Juu kabisa ya mvule mkongwe alikaa Mfalme Hondohondo, mdomo wake mkubwa kuliko kichwa, na sauti yake kubwa kuliko mdomo. Chini yake walikaa wakubwa wa baraza, na chini ya wakubwa wakakaa wale wafanyao kazi. Sheria ya nchi ilikuwa fupi: gome la mti hai halibanduliwi. Mti ukivuliwa gome umevuliwa uhai, hilo hata kinda analijua.

Sheria hiyo aliivunja Mfalme mwenyewe, tena kwa kupigiwa makofi. Siku ya kutawazwa kwake aliletewa zawadi kutoka nchi ya mbali: tenga lenye kindi wa kijivu, dume na jike. Wakainua mikia, wakacheza. Mfalme akacheka hadi manyoya yakamtoka.

"Wafungulieni! Hawa ni watoto wa ikulu. Wale wakitakacho."

Wakala ghala la ikulu, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Walipochoka nafaka wakabandua magome wapate utamu ulio chini yake. Nani angewakataza watoto wa ikulu?

Miti ikaanza kukauka. Kindi wekundu, ambao ndio wazikaji wa mbegu tangu nchi iwe nchi, wakapanda kwa Waziri Kima kulalamika. Kima akawasikiliza huku akijikuna kwapa.

"Miti inazeeka tu, ndugu zangu. Nyie mna wivu na wageni."

Wakaenda tena, wakaambiwa wamechochewa. Wakanyamaza. Lakini kunyamaza si kulala. Macho yao yalikuwa kazini.

Ikafika siku kilele cha mvule wa Mfalme kikakauka, jua likamchoma utosi. Hapo ndipo uzee wa miti ukageuka kuwa janga la taifa, na baraza likaitwa mbiombio.

"Hawa wa kijivu ni wavamizi!" akapaza Mfalme, utadhani hajawahi kuwaona wakicheza.

Amiri Nguchiro, mkuu wa majeshi, akasogea mbele ya lundo la kungu, zile kokwa tamu za mkungu, zilizong'aa. "Mtukufu, kungu hizi nimekwisha kuzichovya kwenye sumu. Wekundu wazizike msitu mzima. Kabla ya sherehe yako ya mwezi ujao, hakuna mkia wa kijivu utakaosimama."

Makofi yakalia matawi ya juu. Chini, kwenye mzizi, alikuwa amekaa kindi mwekundu aliyeitwa Mama Pacha, msimamizi wa wazikaji, wanawe wawili wamemng'ang'ania tumboni. Mabaraza mengi alikuwa amekaa pale pale bila kufungua kinywa. Siku hiyo akainuka.

"Mtukufu, kungu ikishazikwa haiulizi rangi ya mkia. Kwetu shimo ni la wote. Njaa ikikukuta, unafukua ulipo. Sasa wanangu hawa watafukua wapi?"

"Wafunge midomo kwa muda," akasema Kima.

"Kima, wewe umewahi kumfunga mtoto mdomo kwa njaa, au unaongea tu kwa kuwa umeshiba?"

Kicheko kikapita nyuma. Mama Pacha hakucheka.

"Tena hao wa kijivu hawakuja kwa miguu yao. Waliletwa kwenye tenga. Kichanga chao kilichozaliwa jana kimekosa nini? Wapungue, sawa, miti haiwezi kuwabeba wote. Ila wapungue bila kutapika damu. Mwaka wa ukame sisi mama wekundu tunatafuna lile jani chungu linalofunga uzazi, msimu unapita bila mimba, na hafi mtu. Tuwachanganyie jani hilo kwenye chakula, tukiweke ndani ya mizinga yenye mlango wa fito. Wao ni wazito. Wakikanyaga, fito zinashuka na mlango unafunguka. Sisi wepesi hautufungukii. Watazeeka kwa amani, na nyuma yao hawatajaa wengine. Lakini ghala la ikulu lifungwe kwanza. Aliyeshiba vya ikulu hali jani."

"Itachukua muda gani?" akauliza Mfalme.

"Misimu kadhaa."

"Misimu! Na sherehe yangu? Nifunge ghala langu, ionekane kwamba nilikosea?"

"Ulikosea, baba."

Mfalme akapiga mdomo wake kwenye tawi, vijiti vikavu vikamwagika. "Mtazika! Hiyo ni amri!"

Mama Pacha akainamisha kichwa. "Amri tumeisikia. Basi ivunjwe kungu ya kwanza."

Hiyo ni desturi ya wazikaji. Anayeamuru kuzika huvunja kungu ya kwanza mbele ya wote na kuila, ili nchi ijue kwamba kilichoingia ardhini ni chakula. Kila msimu Mfalme alikuwa akiivunja kwa mbwembwe, maana kungu zilikuwa tamu. Nguchiro, katika pupa yake ya ushindi, alikuwa ameisahau. Mama Pacha akachukua moja kutoka kwenye lundo, akaishika kwa jani asiiguse, akaiweka juu ya mzizi mkubwa, chini ya kiti cha enzi.

"Karibu, baba."

Mfalme akamtazama Kima. Kima akamtazama Nguchiro.

"Desturi hiyo imesitishwa," akasema Nguchiro.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Basi onja wewe, Amiri, kwa niaba."

Nguchiro akarudi nyuma, akakanyaga mkia wake mwenyewe.

"Ala!" sauti ikadakia kutoka vichakani. "Muuaji wa nyoka anaogopa kokwa!"

"Mkamateni huyu mwanamke!" akafoka Mfalme. Walinzi hawakusogea. Macho yao yote yalikuwa kwenye ile kungu. Na pale ukingoni mama mmoja wa kijivu, mashavu yamemjaa nafaka ya ikulu, akatema, asijue kama nayo imechovywa. Mwenzake akatema. Ikawa ni kutema tu, tawi hadi tawi.

Wekundu wakaondoka, lundo wakaliacha limelala. Mizinga wakaichonga wenyewe. Ile ya mwanzo fito zake zilikuwa ngumu, milango haikuwafungukia hata wazito; wakachonga tena. Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa kijivu.

"Hilo jani liko wapi, dada? Nimechoka kuzaa watoto wa kugombania magome."

"Chungu, lakini."

"Nimeonja machungu zaidi ya hilo."

Sasa miche ya mivule ina magome mazima. Ghala la ikulu liko wazi usiku na mchana, na hakuna anayeingia. Kila mara Mfalme anapotangaza amri kutoka kilele chake kikavu, msitu wote, mwekundu na wa kijivu, unamjibu kwa sauti moja: "Onja kwanza!"

Na ile kungu bado ipo juu ya mzizi, inamngoja mwenye amri.