Shamba Lililoinuka Kasoli

Flora alikuwa uani anakata viazi vitamu vya kukausha, vya michembe, wakati shamba la kahawa lilipoinuka. Halikufanya kelele nyingi. Lilinguruma kama trekta linalogoma kuwaka, mbuzi wakaacha kutafuna, kisha likaanza kupanda taratibu, na viazi vya kwenye beseni vilipokwisha lilikuwa limeshaupita mnara wa simu. Flora akaosha kisu, akaingia ndani kumwamsha mumewe.

"Baba Method, shamba limepanda."

"Lote?" akauliza Athanasi.

"Si lote."

Athanasi alikuwa akiliomba jambo hilo muda mrefu. Kasoli ni nchi ya pamba. Ukipanda kahawa watu wanakuuliza kama na papa utawafuga. Yeye alileta miche kutoka Tarime, akaipanda, ikanyauka, na bwana shamba akamwambia bila kuzunguka kwamba kahawa nzuri inataka mwinuko na baridi, na hivyo viwili havigawiwi kwa ruzuku. Basi Athanasi, mzee wa kanisa, akawa anampelekea Mungu ombi lake kila Jumapili. Mwinuko ulipokuja alisema asante, akatafuta viatu.

Shida ilikuwa umbo lake. Kilichopanda ni kile kipande cha mashariki peke yake, chenye kaburi la Joakim, mdogo wake Athanasi. Kwingine kote kulibaki chini palepale na miche mikavu. Ukingo wa mlima ulikuwa umenyooka kama mkate uliokatwa, na kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ukingo ilining'inia mizizi ya minyaa ya zamani.

Sasa huko, mpaka ni minyaa. Joakim alipofariki, Athanasi alimwendea mjane wake, Kwandu, akamwambia atamrithi kama desturi ilivyo. Kwandu akasema hapana, shemeji, nashukuru. Wiki hiyohiyo minyaa ikahama, ikalimeza shamba la Joakim. Minyaa haina ubishi: kata tawi, lichomeke popote, litashika. Athanasi alichimba, Flora akabeba matawi kichwani, na utomvu ukamwingia jicho la kulia. Jicho lilipona, ila tangu hapo hutoa machozi kila akitazama mashariki. Kwandu alikwenda kulalamika, akaonyeshwa minyaa ilipo, akaambiwa mpaka si ule pale? Akahamia chumba cha kupanga pale senta, akawa anauza michembe.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii ilionekana mpaka barabara ya Bariadi.

Mboje, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja kukagua. Akauzunguka mlima wote, akaishika ile mizizi, akatazama kandambili zake kwa muda mrefu.

"Wekeni uzio huko juu," akasema mwishowe. "Mifugo isije ikaanguka."

Akaenda zake. Wengine nao wakaja, wakaona, wakaondoka. Waliokutana na Athanasi njiani walimsalimia, "Mwadila, baba," huku wakiyaangalia magoti yake.

Kahawa ikakubali, tena ikakubali kwelikweli. Athanasi alichonga ngazi kwenye ubavu wa mlima, akaweka sheria kwamba hakuna wa kupanda isipokuwa wachumaji. Kwandu akaja kuomba kazi ya kuchuma, maana kaburi la mumewe lilikuwa limeota majani na hapakuwa na njia nyingine ya kulifikia. Alichuma hadi mchana, akapalilia kaburi, akachuma tena hadi jioni.

Siku moja alimkuta Flora na kahawa yake kwenye kichanja, akaanza kumsaidia kutoa punje mbovu.

"Dada Flora, mimi sitaki kesi," akasema. "Nataka shamba langu. Nikifa nilazwe kule, ubavuni kwa mume wangu. Basi. Na wewe ndiye uliyebeba minyaa. Ukisema wewe, nani atabisha?"

"Nitasema, mayu," akajibu Flora, akimwita mama.

"Lini?"

"Akija mnunuzi. Mboje naye atakuwepo, asikie."

Alimaanisha, jamani, tusimsingizie. Alifanya mazoezi akifagia, akafanya mazoezi akikamua mbuzi: shamba ni la Kwandu. Maneno yenyewe mepesi, hata mtoto angeyaweza.

Mnunuzi alikuwa Yasmini, binti wa mwenye duka mjini Bariadi, aliyesomea kuonja kahawa. Walimwekea meza kivulini. Akachota kwa kijiko, akavuta kwa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto, akafumba macho.

"Ndimu," akasema. "Asali ya nyuki wadogo. Halafu mwishoni..." Akainamisha kichwa ghafla, akabaki anatazama kucha zake. "Mwishoni kuna aibu."

Mboje akaonja, naye akainama. Athanasi akaonja, akainama kuliko wote.

"Inaharibu?" akauliza, bado kainama.

"Haiharibu. Inakaa mdomoni muda mrefu. Wateja wa nje wanapenda kitu kinachokaa." Yasmini akatoa kalamu ya wino mzito. "Gunia niandike shamba la nani?"

Wakati huohuo Kwandu akaingia na kikapu cha kahawa mbivu kichwani. Akasimama. Flora alikuwa ameshika birika, na Mboje alikuwa palepale, kana kwamba nafasi imepangwa.

"Na huyu mama ni nani?" akauliza Yasmini kwa heshima.

Flora akafungua mdomo. Jicho la kulia likaanza kumtiririka. Akaliona bati jipya la nyumba yake, lililokopwa kwa kahawa hiyo, akamwona mumewe aliyeinama.

"Kibarua," akasema. "Kibarua wetu."

Kwandu akatua kikapu. Akawasalimia wageni mmoja mmoja, "Mwadila," akatoka. Yasmini akaandika kwenye gunia: Shamba la Familia.

Flora aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Jumamosi akapanda gari kwenda Bariadi, akapekua mitumba hadi akapata sweta zito la kijani, lenye vifungo vyote. Akampelekea Kwandu chumbani kwake.

"Kule juu kuna baridi, mayu."

"Wabeja, dada," akashukuru Kwandu. "Kweli, baridi ipo."

Flora angefurahi kama angetukanwa.

Asubuhi yake Flora alitazama mlimani akaona kitu cha kijani. Sweta lilikuwa limevalishwa msalaba wa kaburi, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Kwandu aliposhuka na kikapu, Flora akamsogelea.

"Mbona hukulivaa?"

"Mimi jioni nashuka," akasema Kwandu. "Joakim ndiye anayelala huko."

Msimu huu kahawa imezaa zaidi, na Kwandu bado anachuma. Flora amehamisha kigoda chake. Anakata michembe akiwa ameupa mlima mgongo, anatazama magharibi, na jicho linatoa machozi vilevile. Athanasi anamwambia aende hospitali, hela sasa ipo.