Waya wa Tatu

Hamduni alipiga magoti jikoni kwa Adventina, mtaa wa Kigera, akachora kwa chaki mstari kutoka ukutani hadi kwenye kisiwa. Hakuhitaji kupima. Miezi saba nyuma aliipasua sakafu hiyohiyo, kwenye mstari huohuo, akalaza bomba la plastiki lenye nyaya za oveni, akafukia kwa zege na kurudishia marumaru kwa ustadi ambao kila mgeni aliusifu. Leo alikuwa ameitwa kuifukua kazi yake mwenyewe.

Kisiwa chenyewe kilikuwa meza ya matofali katikati ya jiko, oveni imechomekwa ubavuni. Adventina alikitaka kwa ajili ya mikate yake ya kuuza, lakini aliyekipenda zaidi ni mumewe, Mwalimu Felisian. Akiulizwa anaishi wapi, Mwalimu alijibu kwamba analala Musoma ila chai anakunywa kisiwani. Jumamosi moja, wiki tano zilizopita, alikuwa anadeki pekupeku, maji yametapakaa, akaushika mlango wa oveni. Mkewe alimkuta chini, tambara bado liko mkononi. Walimzika kwao Butiama, na Hamduni, Mungu amsamehe, alikuwa miongoni mwa waliobeba ndoo za zege la kaburi.

Tangu siku hiyo ukoo wa Mwalimu haukumpa mjane nafasi ya kupumua. Walisema umeme hauui mtu ndani ya nyumba yake bila kutegwa, na kwamba aliyeutega ni yule anayebaki na nyumba. Makongoro, kaka wa marehemu, alikuwa anakuja asubuhi hiyo. Akiondoka bila kuridhika, Adventina angefungasha virago. Ndipo mama huyo alipompigia fundi simu. Alitaka sakafu ifunguliwe, shemeji yake aone kwa macho kwamba umeme ule uliwekwa na mtu anayeijua kazi. "Mimi mkono wako naujua, fundi," alimwambia. Heri angemtukana.

Hamduni alizima umeme, akashika tindo na nyundo. Alijua atakachokikuta. Siku ile waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulimwishia, na uvivu wa kurudi dukani mjini ukamshinda. Akapitisha nyaya mbili tu, mwekundu na mweusi. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa, aliinama akauliza ethi iko wapi. Hamduni akamjibu kwa mzaha wa mafundi aliouokota Manyamanyama alikofundishiwa kazi: ethi si ndiyo ardhi, na waya si unalala ardhini kwenyewe? Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akawa anamsimulia kila mgeni, na mkewe anammalizia.

Zege liliachia vipande vipande. Bomba lilipoonekana, Hamduni alilipasua, akaziona nyaya zake mbili zimelala kama alivyoziacha. Mfukoni mwa koti alikuwa na mita sita za waya wa kijani na njano, alizonunua jana. Adventina alikuwa getini akimsubiri shemeji yake. Hamduni akauingiza ule waya bombani na kuanza kuusukuma, haraka, jasho likimchoma macho. Kazi ikionekana kamili, alijiambia, mama huyu atapona, na mimi nitabaki fundi.

Ulipofika nusu, mkono ukasita. Kama kazi ilikuwa kamili, basi Mwalimu aliuawa na nini? Makongoro angeuliza hivyo hivyo, na jikoni humo angebaki mtu mmoja tu wa kunyooshewa kidole. Mama wa watu alikuwa amemwita aje amwokoe, hajui kwamba kazi safi ndiyo ingemzamisha. Hamduni aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Akauvuta waya wote, akauviringisha, akauweka juu ya kisiwa, mahali pa kuonekana.

Makongoro aliingia kofia ikiwa mkononi, Adventina nyuma yake. Alizitazama nyaya bombani, kisha akauliza huo mwingine juu ya meza ni wa nini.

"Huo ndio ulitakiwa kuwa humu, mzee," Hamduni alisema. "Zinawekwaga tatu. Mimi niliweka mbili. Ungekuwemo, oveni ilipovuja umeme ungejikata wenyewe."

Adventina alianza kutabasamu, tabasamu la mazoea, kama mtu anayeumalizia mzaha wa mumewe. "Si ulitwambiaga unalala ardhini..." Tabasamu likabaki peke yake mdomoni, halafu nalo likaondoka.

"Kwa hiyo Mwalimu aliuliza vizuri," alisema.

"Aliuliza vizuri, mama."

Adventina alivua kandambili zake, akasimama pekupeku ukingoni mwa mtaro, upande uleule aliosimama mumewe. Makongoro akavuta kiti kutoka mezani, akamsogezea shemeji yake, na yeye mwenyewe akabaki wima. Hakuna aliyekikalia. Hamduni aliokota tindo bila kujua ya nini, akauliza kwa sauti ndogo kama afukie.

"Acha wazi," Adventina alisema. "Na wale wengine wa ukoo waje waone."

Hamduni akaiweka tindo chini. Hakuna aliyemwambia aondoke, naye hakuinuka.