Suruali ya Bonge

Kijana huyu alipewa jina la Bonge tangu akitambaa, na alilistahili. Kwa hiyo alipoanza kupungua, akiwa na miaka ishirini na miwili, nyumba nzima ilifurahi, na aliyefurahi kupita wote ni dada yake, fundi cherehani. Fundi huyu, mwili wako ukibadilika, hakuulizi kwa nini. Anakuuliza nguo unaitaka lini.

Mara ya kwanza Bonge alileta suruali anayovaa kazini kwake kwenye karakana ya samani, akasimama ameishikilia kiunoni isidondoke. Dada akampima, akacheka, akapunguza inchi mbili.

"Sasa utapata mchumba," alimwambia.

Wiki tatu baadaye alipunguza inchi moja na nusu, akamsifu kwa wateja kwamba mdogo wake ana nidhamu. Nidhamu gani! Kijana alikuwa anakula kama kawaida, tena na kuongeza. Alilalamika tu kwamba anachoka, hata kupiga msasa kunamshinda, na dada, kwa mapenzi yake yote, akawa anamnunulia soda mbili kila mchana apate nguvu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bonge aliingia kibandani kwa dada, akayagugumia yote maji ya kunyunyizia nguo za pasi, akaenda chooni, akarudi, akauliza kama kuna maji mengine. Dada alikuwa ameshaukunja mshono wa nyuma wa suruali. Akaigeuza aone itakavyokaa, mkono ukasita. Mifuko ya nyuma ilikuwa karibu kugusana. Suruali ikifika hapo haipunguziki tena, imeshakuwa ya mtu mwingine.

Ndipo alipomtazama mdogo wake usoni. Midomo imekauka, mashavu yameisha, na anahema haraka haraka wakati amekaa tu.

"Usiku unaenda chooni mara ngapi?"

"Dada na wewe! Nne, tano. Si haya maji?"

"Na nini kingine? Usinifiche."

"Macho. Namba za kwenye futi sizioni vizuri. Na tangu jana natapika. Uchovu tu huo."

Fundi aliitupa suruali mezani. Alifunga kibanda mteja akiwa mlangoni, hata samahani hakumwomba, akamshika Bonge mkono kama mtoto wa chekechea.

Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akatoboa kingine kuhakikisha, kisha akamwita daktari kwa sauti ambayo fundi hakuipenda.

"Sukari imepanda mno," daktari alisema. "Anaanza dripu na insulini sasa hivi. Mngengoja mpaka kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

"Kisukari?" Bonge alishangaa. "Si cha wazee hicho?"

"Hata watoto wanapata, mdogo wangu."

Dripu iliposhika, muuguzi aliuliza ni nani aliyegundua.

"Dada," Bonge alijibu, sauti ndogo lakini imejaa majivuno. "Ana jicho huyu! Aliniona kabla ya watu wote."

Muuguzi alimgeukia fundi ampongeze, akamkuta analia waziwazi, kiganja cha mdogo wake amekibana kifuani.

"Niliona mara tatu," alisema. "Mara mbili nikashona."