Ua la Waya wa Klachi

Kila Jumamosi, akishaanika nguo, Stumai alichukua spana namba kumi kwenye kopo la misumari, akaketi kwenye kigoda sebuleni na kuukagua waya wa klachi wa pikipiki ya mumewe. Pikipiki ililala ndani, kama zinavyolala pikipiki zote za kijiji kile kilicho mbali kidogo na barabara ya lami, ukiipita Ihanja. Nje kuna umande, kuna kuku, na kuna watu.

Urbano alimfundisha kazi hiyo jioni ya mwisho kabla ya kwenda kuchimba dhahabu kwenye kilima cha Mawe Mapana. Kilikuwa kiangazi, mashamba matupu, upepo unapeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria. Aliushika mkono wa Stumai wa kushoto, akauweka kwenye usukani.

"Vidole viwili tu," alimwambia. "Unasikia hapo mwanzo panapocheza, kabla waya haujashika? Paache pawe na unene wa sarafu ya mia mbili. Ukikaza sana, klachi inateleza, injini inapiga kelele na safari haipo. Ukilegeza sana, gia zinagoma."

"Na kuachia?"

"Kuachia ni taratibu. Pikipiki haipendi kushtuliwa. Kama mimi."

"Wewe nani aliwahi kukushtua?"

"Wewe, siku ile pale mnadani."

"Muongo mkubwa," alisema Stumai, lakini hakuutoa mkono.

Urbano aliondoka alfajiri kwenye lori la wachimbaji. Jumapili alikuwa akipanda juu ya jiwe kubwa kutafuta mtandao, akipiga simu. Alimuuliza Stumai habari za mama yake, kisha habari za kuku, kisha habari za waya. Mvua za kwanza zilipoanguka, simu ikakoma.

Mwenye shimo, mtu aliyeitwa Obadia, alituma ujumbe kwamba shimo lilititia usiku wa mvua, ila kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu ndani. Kuhusu Urbano, alisema kijana huyo aliaga siku iliyotangulia, akaenda kuifuata dhahabu Chunya. Wachimbaji wengine walikuwa wametawanyika, kila mmoja na begi lake. Obadia akaleta trekta, akalifukia shimo, akalisawazisha, na kwa kuwa msimu ulikuwa umeshaanza, akapanda alizeti.

Stumai hakuamini habari ya Chunya. Urbano hakuwahi kumuaga mtu yeyote bila kwanza kuuliza habari za pikipiki. Magreth, mama yake Urbano, naye hakuamini, lakini hakukubali matanga yawekwe. Majirani walipokuja kumshauri aliwakaribisha uji, akawaambia, "Siwezi kumlilia mtu ambaye hajafa, wala kumsubiri mtu ambaye hajasafiri. Nielezeni kwanza ni kipi kati ya hivyo." Majirani wakanywa uji, wakaenda. Kitu kimoja tu ndicho kilichowakosesha usingizi wanawake hao wawili: kujua Urbano yuko wapi, na kumleta nyumbani.

Jumamosi moja ya Januari Stumai aliuona waya umekuwa mzito. Aliurudisha nyuma ule mpira unaofunika nati, akailegeza nati, akazungusha skrubu ya kukazia mpaka mfereji wake na wa nati ikalingana na waya ukapata pa kutokea, akakitoa kichwa cha waya kwenye mkono wa klachi. Alikata kona ya mfuko wa nailoni, akaifunga kwa uzi kwenye mdomo wa ganda la waya kama faneli, ili amwage oili iteremke yenyewe taratibu mpaka itokee chini kwenye injini. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini kopo la oili lilikuwa limekauka, na duka lililouza oili lilikuwa mbali na mvua ilikuwa inakuja. Ndani ya nyumba mlikuwa na mafuta ya alizeti, yale ya kwanza kutoka mashine ya kijijini, meusi, ambayo hayajachujwa. Akamwaga hayo.

Waya ukawa mwepesi. Wiki iliyofuata, chini ya ule mpira, palichomoza jani.

Stumai alifikiri ni uchafu, akalifuta kwa kitambaa. Jani halikufutika. Wiki iliyofuata yakawa majani mawili, mapana, yenye vinyweleo, na shina changa katikati. Alimwita Leonidas, fundi wa pikipiki pale senta, rafiki wa Urbano tangu utotoni.

Leonidas alichuchumaa. Alivuta klachi, akaachia, akavuta tena. Akalinusa jani.

"Shemeji, uliweka mafuta gani?"

"Ya kupikia."

"Ya kupikia!" Leonidas alishika kiuno. "Mafuta ya kupikia yanaganda, yanakusanya vumbi. Mimi na Urbano tumelisema jambo hilo mpaka midomo imekauka. Watu wa Singida nyie mkiachwa mtaweka alizeti hata kwenye tairi."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Ndiyo maana nasema nawajua." Alichukua spana, akaijaribu nati, kisha akaiacha. "Waya wenyewe hauna shida. Unavuta vizuri. Ila hii sasa si ya kukaza, shemeji. Hii ni ya kumwagilia."

Basi Stumai akawa anaukaza na anaumwagilia. Aligundua upesi kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Waya ukilegea, mche ulinyauka. Ukikazwa kupita kiasi, uliinamisha majani kama mtu aliyekaripiwa. Ukiachiwa nafasi ya sarafu ya mia mbili, ulisimama wima juu ya usukani na kukua. Asubuhi alifungua mlango upate mwanga. Mche uliligeukia jua, ukalifuata kutwa nzima, jioni ukarudi kuelekea mashariki kungoja kesho. Miche yote ya alizeti inafanya hivyo, na hakuna aliyelizungumza.

Lilikuja kuzungumzwa mwezi wa nne, ua lilipokomaa. Kila mkulima anajua kwamba alizeti ikishakomaa haifuati jua tena. Inatazama mashariki, na inabaki hapo mpaka ivunwe. Mashamba yote ya kijiji yalikuwa yanatazama mashariki, maelfu ya vichwa, kama waumini. Ua la pikipiki peke yake lilitazama magharibi. Magreth aliigeuza pikipiki. Ua nalo likajigeuza, taratibu, mpaka likarudi palepale.

"Upande huo kuna nini?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Mawe Mapana, mama," alisema Stumai.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa. Alisimama nyuma ya pikipiki, akafungua dira kwenye simu yake, akafumba jicho moja. Alikuwa mtu wa haki, asiyependa kuonea. Alimwita na Obadia, naye akaja kwa miguu yake mwenyewe, akavua kofia, akamwamkia Magreth shikamoo, akaketi kwenye benchi alilopewa.

"Ua linaonyesha kwako," mwenyekiti alimwambia.

Obadia aliliangalia ua kwa muda. "Linaonyesha kwangu," alisema. "Sikatai. Mimi si mtu wa kubisha kitu kinachoonekana. Lakini pale nimeshapanda, mwenyekiti."

"Achimbuliwe," alisema Stumai. "Sitaki kingine. Achimbuliwe, aletwe nyumbani."

Mwenyekiti alikuna kidevu. Alieleza kwamba kuchimba katika shamba la mtu kunahitaji ushahidi, na kwamba ushahidi upo, haukataliki, ila ni wa pikipiki. "Kadi ya pikipiki ina jina la nani?"

"La Urbano."

"Basi Urbano mwenyewe ndiye anayepaswa kuileta kama ushahidi. Au aandike kumruhusu mtu."

"Urbano ndiye tunayemtafuta," alisema Magreth.

"Naelewa, mama. Akipatikana, aje nayo."

Hakuna aliyecheka. Leonidas, aliyekuwa ameegemea mlango, alitazama chini, akafuta mikono yake kwa kitambaa ingawa haikuwa na grisi. Obadia alinywa maji, akashukuru, akaaga. Alisema wasubiri angalau avune.

Wakasubiri. Alizeti zilivunwa, zikapigwa fimbo juu ya maturubai, zikapelekwa mashine. Ua la Stumai halikukauka. Obadia alipokumbushwa alisema sasa ardhi ipumzike kidogo, imechoka. Siku hiyo Stumai alirudi nyumbani, akaukagua waya, akaitoa pikipiki nje. Hakuwa amewahi kuiendesha kupita uani. Magreth alitoka na jembe, akajifunga kanga kiunoni na kupanda nyuma bila kuulizwa.

"Unaijua njia?" alisema Stumai.

"Ua linaijua. Wewe angalia mashimo."

Walikwenda gia ya pili. Kwenye kila njia panda Stumai alipunguza mwendo, ua likamwonyesha. Watu waliokuwa wanapembua mtama waliinua mikono, wakawatakia safari njema. Kwenye mchanga pikipiki iliyumba, Magreth akasema jina la Yesu, Stumai akasema Bismillahi, na pikipiki ikanyooka tena.

Shamba la Obadia lilikuwa limebaki mabua makavu. Walipofika katikati, chini ya yale mawe makubwa, ua liliinama. Halikuelekea tena upande wowote. Liliinama mpaka likautazama udongo. Stumai alizima injini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya klachi, haujavuta, umekaa tu. Klachi ikavutwa. Ilivutwa kutoka upande wa pili wa waya, taratibu, ikapita ile nafasi ya sarafu, ikashika.

"Yuko," alisema Stumai.

Magreth aliweka jembe chini, akaweka kiganja juu ya klachi. Ikavutwa tena. "Ni mkono wake wa kushoto," alisema. "Alikuwa wa kushoto tangu anaanza kushika kijiko."

Kisha akachukua jembe, akachimba. Alichimba mpaka kanga ikalowa jasho, Stumai akampokea, akachimba mpaka viganja vikachubuka. Chini ya udongo wa trekta palikuwa na mawe, na chini ya mawe palikuwa na mawe makubwa zaidi. Obadia alikuja kutoka kambini kwake, akasimama pembeni. Hakuwazuia.

"Ni mbali sana, mama," alisema. "Bila mashine hamfiki."

"Lete mashine."

Obadia aliyatazama mawe waliyokuwa wameyatoa.

"Njoo ushike," alisema Magreth.

Obadia alisogea, akashika klachi. Ikavutwa chini ya vidole vyake. Alisubiri mpaka ikavutwa tena, kana kwamba anahakikisha, kisha akautoa mkono na kuufuta kwenye suruali.

"Ndiye," alisema. "Zamu yake ilikuwa imeshaisha. Nilimrudisha ndani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na mawe mazuri yalikuwa yamebaki kule." Alivaa kofia. "Lakini nilishasema kwamba aliaga."

Wanawake wakakaa chini kwenye mabua mpaka jua likageuka jekundu. Kisha wakapanda pikipiki, wakarudi.

Mvua zilipoanza tena Obadia alipanda alizeti kama mwaka uliotangulia. Safari hii, kutoka ukingoni mwa shamba mpaka katikati, aliacha njia nyembamba ya upana wa pikipiki, isiyopandwa kitu. Mwenyekiti alimtaja mkutanoni kama mfano wa ubinadamu, na watu wakampigia makofi. Magreth alikuwepo mkutanoni. Alikunja mikono yake kifuani, akaishikilia hapo mpaka makofi yakaisha.

Jumamosi, akishaanika nguo, Stumai huiweka spana namba kumi mfukoni na kwenda. Hupita katikati ya alizeti zilizompa mgongo, zote zinatazama mashariki. Akifika huzima injini, hurudisha nyuma mpira, hulegeza nati na kukaza waya upya, kwa kuwa waya unaovutwa pande mbili hurefuka upesi. Huijaribu nafasi kwa sarafu. Kisha huweka vidole viwili na kungoja.

Akivutwa, naye huvuta. Humweleza habari za mama yake, kisha habari za kuku. Habari za waya Urbano anazijua mwenyewe. Jua likikaribia kuzama Stumai huachia klachi taratibu, kama alivyofundishwa, ili aliye upande wa pili asishtuke.