Ukuta kwenye Mstari wa Kati

Jumamosi ya tatu ya Septemba, saa tisa na dakika kumi mchana, Mama Tshibola alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa kampuni ya madini, pale Dilala, akigeuza mikate ndani ya mafuta kwa uma mrefu. Wateja watatu walikuwa wanangoja. Upande wa pili wa ukuta vikasikika viatu vya kuchezea mpira vikikimbia juu ya changarawe.

"Ni weye?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni miye, mama."

"Umekula?"

"Bado. Tuko un à zéro."

"Nani anaongoza?"

"Sisi."

Mama akarusha mkate mmoja juu ya ukuta. Viatu vikakimbia kurudi vilikotoka, na papo hapo, huko Ubelgiji, mshambuliaji namba tisa, Rémy Kanku, akaonekana tena uwanjani akitafuna. Mwamuzi alimtazama kidogo, akafikiria, akaacha mchezo uendelee. Mteja wa kwanza aliomba mikate minne na pilipili.

Jambo lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Kampuni ilipojenga ukuta, ramani yake ilipita katikati ya kiwanja cha mtaa, sawasawa juu ya mstari ambao Tata Kankolongo, kocha wa watoto, alikuwa akiuchora kwa majivu kila Jumapili baada ya misa. Nusu moja ya kiwanja ilibaki nje pamoja na goli moja. Nusu nyingine iliingia ndani pamoja na goli la pili na nyumba tisa zilizokuwa nyuma yake, mojawapo ya akina Kanku. Wenyewe waliambiwa watapewa nyumba zingine. Barua ya ahadi ilikuwa na mihuri miwili. Mama Tshibola aliiweka ndani ya Biblia, akapanga kanyumba nyuma ya goli lililobaki, akawasha mbabula yake, jiko la makaa, akaanza kukaanga na kungoja.

Tata Kankolongo hakubadilisha mazoezi. Aliyakata tu nusu. "Batoto, sasa tunashambulia," alisema. "Kulinda tutajifunza siku batarudisha ile ingine." Rémy alikuwa na miaka kumi. Alijifunza kila kitu ambacho mpira unaweza kumfundisha mtu kuanzia mstari wa kati kwenda mbele, na alikijua vizuri kuliko wote. Ya nyuma hakufundishwa, na miguu yake haikupata kuambiwa kwamba nyuma kuna uwanja.

Kwa hiyo alipoanza kucheza kwenye viwanja vizima, kila alipovuka mstari wa kati kwenda kulinda alijikuta Dilala, ndani ya ukuta, kwenye ile nusu iliyochukuliwa, katikati ya malori. Akikimbia kuvuka tena mstari, anarudi mchezoni. Mpira ukisimama, anakuwa mahali pake kama wenzake. Lubumbashi walizoea. Ubelgiji nao walizoea, baada ya daktari wa timu kumpima goti na kuliona zima. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kijana ana kipaji ila hasaidii nyuma. Aliyelalamika peke yake ni mwanamke wa klabu anayefua jezi: vumbi jekundu halitoki kwenye nguo nyeupe.

Ndani ya ukuta kulikuwa na mlinzi, Kalenga, mtu wa Sandoa, mwenye filimbi na daftari la wageni. Miezi ya kwanza alimfukuza Rémy mbio. Lakini Rémy analipwa kwa kukimbia na Kalenga analipwa kwa kusimama, basi wakaelewana kwamba mmoja atasema na mwingine ataandika.

"Jina?"

"Si unalijua, vieux."

"Mi najua. Daftari haijui."

"Kanku Rémy."

"Sababu ya kuingia?"

"Kona."

"Yenu ao yabo?"

"Yabo. Fanya mbio!"

Kalenga aliandika: kona.

Desemba, Rémy alikuja likizo akakuta mama yake ameitwa kwenye ofisi ya kampuni, Manika. Walipanda pikipiki moja ya taxi-moto wote wawili, mama katikati, mkoba wa Biblia mapajani. Aliyewapokea alikuwa Madame Abigaëlle, wa uhusiano na jamii. Aliwapa maji baridi, akapiga picha na Rémy, ndipo akafungua faili.

"Tata Rémy, kwetu nyumba muzima tuko basupporter benu," alisema. "Mais kuko mutu mumoja anaingia mara mingi bila ruhusa. Iko mu daftari. Batu ba usalama banaomba ukuta isogee mbele, mupaka pa mustari ya penalti."

"Anaingia kwake," akasema Mama Tshibola.

"Njo ile, mama. Anaingia."

Mama akatoa barua yenye mihuri miwili. Madame Abigaëlle aliisoma yote, akasema imeandikwa vizuri, akaikunja kwa adabu na kuirudisha. Kisha akatoa karatasi yake. Kama Tata Rémy hataingia hata mara moja mpaka mwisho wa Mei, faili itaangaliwa upya. Rémy alitia sahihi hapo hapo. Kiwanja kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini watoto wa mtaa mzima walikuwa juu yake, na nyuma ya goli alilala mama yake.

Tangu Januari hakuvuka tena mstari. Alikimbia juu yake kutoka kushoto hadi kulia na kutoka kulia hadi kushoto, kama mbuzi aliyefungwa kamba mahali palipokwisha majani. Kocha wa Ubelgiji alipiga kelele hadi sauti ikamwishia mwezi wa tatu. Mashabiki walimzomea. Kitandani miguu yake iliendelea kutembea chini ya blanketi, na asubuhi shuka lilikuwa limechanika upande wa vidole.

Dilala, kila Jumamosi, Mama Tshibola aliinua sikio.

"Ni weye?"

"Hapana, mama," alijibu Kalenga kutoka ndani. "Ni mi tu."

Mama alimrushia mkate hata hivyo.

Mechi ya mwisho ilikuwa fainali ya kombe. Dakika ya tisini na mbili, wakiwa sare ya bao moja kwa moja, timu ya Rémy ilipata kona na watu wote wakapanda, kipa naye. Mpira ukapotea. Mshambuliaji wa upande wa pili akauchukua na kuondoka nao kuelekea goli tupu, naye alikuwa mzito, mwenye kuchechemea tangu dakika ya sabini. Rémy angemfikia kwa hatua kumi. Alifika kwenye mstari, akasimama, vidole ndani ya viatu vikigusa chokaa. Uwanja mzima uliita jina lake. Yule mtu alichechemea hadi mwisho, akafunga, akalala chini kupumzika.

Ndani ya basi hakuna aliyekaa kiti cha karibu naye. Rémy akapiga simu Dilala.

"Mama, sikuingia."

"Nilisikia. Kulikuwa kimya."

"Batatuachia kiwanja?"

Kulikuwa na sauti za wanaume karibu na mama.

"Mwanangu, bako hapa na kamba. Banapima."

Madame Abigaëlle alieleza siku ya Jumatatu, kwa upole, matofali yakiwa yameshapangwa hadi kiunoni. Faili ilikuwa imetiwa sahihi tangu Novemba. Ahadi ya Tata Rémy ilipokelewa vizuri na imeambatanishwa. Aliuliza pia kama Tata Rémy angekubali picha yake ichorwe kwenye ukuta mpya, watoto wapate moyo. Mchoraji alikuwa ameshamaliza kichwa.

Msimu ulipoanza tena Agosti, Rémy alionekana ndani ya eneo la penalti tu. Alifunga katika mechi sita mfululizo. Magazeti yaliandika kwamba amekomaa, hapotezi tena nguvu bure, na klabu ikamwongezea miaka mitatu. Dakika zilizobaki, ambazo ni nyingi, alikuwa Dilala. Kalenga alimletea kiti cha plastiki.

Upande wa pili, kigoda cha mama kilikuwa sasa karibu na alama ya penalti. Hapakuwa na pa kukisogeza zaidi.

"Ni weye?"

"Ni miye, mama."

"Bamepaka rangi ku mulango yangu. Nyekundu, kama ku zile nyumba tisa."

"Kuko barua?"

"Kuko. Hii iko na mihuri tatu."

Mkate ukapita juu ya ukuta. Rémy akaukata, nusu akampa Kalenga. Kisha akainua kichwa kama mtu aliyeitwa, akakimbia, akafunga kwa kichwa dakika ya hamsini na nane. Mpira ulipoanzishwa tena akarudi kukaa kwenye kiti. Kalenga alikuwa amefungua ukurasa mpya.

"Sababu ya kuingia?"

Rémy akajipangusa mafuta mdomoni.

"Andika: niko kwetu."

Kalenga akatazama nafasi iliyokuwa kwenye daftari, akaona ni ndogo, akaandika: kona.