Sikumwona, Mheshimiwa

Mwenye duka la ushonaji alifika mahakamani akiwa hana shaka hata chembe. Cherehani zake mbili zilikuwa zimeibwa, na mtaa mzima ulishamjua mwizi: fundi viatu wa mlango wa pili, aliyeonekana alfajiri ile amebeba gunia zito.

"Leo atakiona cha mtema kuni," alisema wifi yake aliyemsindikiza, tayari kesi ameshaimaliza ngazini.

Fundi viatu akaletwa amefungwa pingu, amekonda, shati limemning'inia. Hakimu, mama wa makamo, alimtazama kabla hata ya kufungua faili.

"Mfungueni huyo. Mpeni kiti."

"Mheshimiwa, huyu mwizi..." mwendesha mashtaka alianza.

"Nani kasema ni mwizi? Wa kusema ni mimi, na sijasema."

Mwenye duka alisikia pingu zikifunguka, akaona haya asijue kwa nini. Akaitwa yeye wa kwanza kutoa ushahidi.

"Aliyekuibia ni nani?"

"Ni yule pale. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa sijauita," alisema hakimu kwa upole. "Wewe, mama, ulimwona?"

Neno moja tu, "ndiyo", na kila mtu angemwamini.

"Sikumwona, mheshimiwa. Niliambiwa."

Wifi akamkata jicho. Wakafuata wengine. Muuza mkaa aliliona gunia, hakuona kilichomo. Askari aliyepekua chumba cha fundi alikuta nyundo, gundi na soli.

"Lakini mshtakiwa mwenyewe," mwendesha mashtaka alipaza sauti, "hadi leo hajatueleza gunia lile lilikuwa na nini!"

"Halazimiki," alijibu hakimu. "Shtaka mmelileta ninyi, mlithibitishe ninyi."

Mwili ulimsisimka mwenye duka kuanzia utosini. Upande mmoja walikuwepo polisi, mafaili, serikali na mtaa mzima. Upande wa pili, mtu mmoja aliyekonda kwenye kiti cha mbao. Na sheria, yenye nguvu zote zile, ilikuwa imekwenda kukaa naye. Katika chumba kile chenye dari lililobanduka rangi, alijiona mdogo kama aliyesimama chini ya mlima.

"Hana kesi ya kujibu," hakimu akatamka. "Uko huru."

Nje, wifi alifoka, "Na kama kweli ni yeye?"

"Huenda ni yeye, wifi yangu. Sijui. Kumbe siku zote hizi nilikuwa sijui."

Cherehani hazikupatikana. Fundi viatu alirudi kibarazani kwake, lakini wateja walimkwepa kama ukoma. Siku ya tatu mwenye duka alimpelekea viatu vyake na vya mumewe, mchana kweupe.

"Viache tu, dada, utavifuata kesho," alisema fundi bila kuinua macho.

"Nitasubiri hapa hapa."

Akaketi kwenye benchi, mtaa ukimtazama, mpaka soli ya mwisho ikashonwa.