Saa Moja ya Mgongo wa Zaal

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nina ndevu nilizorudi nazo kutoka Moscow, na nina hakika kabisa kwamba televisheni ya mji wetu wa Kutaisi ilikuwa ikinisubiri mimi. Kituo kilikuwa na kamera mbili, moja nzima. Mkurugenzi wetu, mama Lamara, aliponiita mwaka ule wa 1979 na kunipa kazi ya kugeuza shairi letu kuu la kale, lile la shujaa anayemtafuta rafiki yake miaka saba, liwe kipindi cha saa moja, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba hakuniuliza kama nimelisoma.

Sikuwa nimelisoma. Yaani, nililianza. Shuleni nilifika ubeti wa arobaini nikaugua surua, na niliporudi darasani wenzangu walikuwa wameshavuka bahari. Kwetu, bibi harusi huja na shairi hilo sandukuni pamoja na mashuka yake. Ni afadhali mtu agundue una chawa kuliko agundue hujalisoma.

"Nitaondoa maneno yote," nikamwambia Lamara.

"Yote?"

"Maneno ni ukuta. Nataka kimya."

"Na farasi je?"

"Hakuna farasi."

"Hapo umenena. Yule wa mwaka jana alitafuna pazia la studio."

Shujaa wangu akawa Zaal, mwanamieleka mstaafu aliyekuwa msimamizi wa bafu la umma, mwenye mabega kama kabati. Nilimkalisha kwenye kiti katika chumba cheupe, mbele ya beseni la maji, nikamwambia alitazame. Hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa yangu yote. Tatizo likawa moja: Zaal alilijua shairi kwa moyo, na midomo yake haikutulia.

"Zaal, midomo!"

"Nisamehe, kaka. Hapa ndipo anapopata barua."

"Barua gani?"

Akaniangalia. "Barua. Ya rafiki yake."

"Barua naijua," nikasema, na ndiyo kwanza naisikia. "Sisi barua tumeiacha."

Tulirudia mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano nikamgeuza, nikapiga picha mgongo. Wenzangu nikawaambia kwamba mgongo ndiyo sura halisi ya binadamu. Mpiga kamera akaiandika kauli ile kwenye daftari lake, nami nikajiona mtu mkubwa.

Kipindi kilirushwa Jumapili saa kumi na moja jioni. Tulikitazama kwa shangazi Pelagia, ukoo mzima pamoja na majirani, meza imejaa mikate ya jibini na kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi. Dakika ya tatu, mjomba Bidzina akainuka na kuitandika televisheni kofi.

"Imekufa hii."

"Haijafa, mjomba. Ndivyo ilivyo."

"Na huyu ni nani?"

"Shujaa."

"Mbona katupa mgongo? Tumemkosea nini?"

Wakati huo mabega ya Zaal yakaanza kutetemeka kwa kughani, na waliolijua shairi wakatambua amefika kwenye barua. Shangazi, kisu cha mkate mkononi, akautaja taratibu mstari wa kwanza wa ile barua. Mjomba akaupokea wa pili. Jirani mmoja akauchukua wa tatu, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, tukasikia nyumba ya chini wako mstari mmoja mbele yetu. Baada ya nusu saa jengo zima la ghorofa tano lilikuwa likighani, huku mgongo wa Zaal ukiwaongoza.

"Jamani, kimya!" nikafoka. "Hicho kimya ndiyo kazi yangu!"

"Basi kazi yako nenda nayo jikoni," akasema shangazi. "Huku mtu anakaribia kaburi."

Nikaenda jikoni. Nikashika ukingo wa sinki nikasikiliza. Shujaa alifika kwenye lango la mji, akauliza habari za rafiki yake, akaonyeshwa udongo uliokuwa bado mbichi. Alikuwa amechelewa siku tatu. Machozi yalinitoka hadi ndevuni, kisha nikarudi sebuleni kabla sijafikiri.

"Kumbe hawaonani?"

Vichwa kumi na saba viligeuka. Wa chini waliendelea bila sisi.

"Varden," akasema shangazi polepole. "Hukulisoma."

Mjomba Bidzina alinimiminia divai, akanisogezea kiti, na kwa mara ya kwanza jioni ile akanionea huruma, jambo lililoniuma kuliko kicheko.

Wiki ile barua za watazamaji zilifurika kituoni. Mmoja alitushukuru kwa kutomkatiza hata mara moja. Lamara alikirudia kipindi mara tatu, na mhakiki wa mji mkuu, Tbilisi, akaandika kwamba nimelirudisha shairi vinywani mwa watu. Nilikata makala ile gazetini nikaitia kwenye pochi. Nilimwonyesha hata daktari wa meno.

Ukoo wangu haukuitoboa siri yangu, ila shangazi alinipangia adhabu: kila Jumapili, beti kumi bila kitabu, ndipo nipewe sahani. Zilipita Jumapili mbili nikila mkate mtupu.

Masika yaliyofuata Lamara akaniita tena, akaniwekea mezani shairi lingine la kale, nene kuliko la kwanza.

"Tunaanza lini?" akauliza.

"Nipe mwezi mmoja kwanza."

"Wa nini?"

"Wa kulisoma."

Alicheka mpaka akavua miwani. Alidhani natania.